Metre amefariki, funguo za kabine ziko kwangu: dosie za wateja nimpe nani?

MwenyeFunguo (Lubumbashi), 23 Novemba 2023

Jambo yenu wote. Naandika usiku kwa sababu mchana simu hainiachi. Mimi ni sekretere wa kabine, yaani ofisi, ya wakili hapa Lubumbashi, karibu na Posta. Wakili alikuwa mmoja tu, Metre wetu, ndivyo wakili anavyoitwa hapa kwetu, na alifariki usiku wa kuamkia Jumanne tarehe 14. Jina lake silitaji. Waliomjua watamtambua.

Kabine ina makabati manne ya chuma yaliyojaa dosie za makampuni: statuti, yaani katiba za makampuni, mikataba ya ubia, vyeti vya viwanja, barua za benki. Mpaka leo watu watatu wamenidai funguo. Wa kwanza ni mdogo wa marehemu. Alinikuta kwenye kilio, sahani ya bukari, ugali wetu, bado iko mkononi mwangu, akasema: "Mutoto, leta ile funguo. Biro ni ya ndugu yetu." Wa pili ni mteja mwenye malori yanayokwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Anataka dosie ya kampuni yake, na ndani yake mna pia barua ambazo mwenzake wa ubia alimwandikia Metre. Hao wawili hawasemezani tangu mwaka jana. Wa tatu ni wakili kijana ambaye hakuwahi kufanya kazi kwetu. Anasema wateja wote watamfuata yeye, kwa hiyo nimfungulie mapema.

Mjane, Mama wetu, ameketi kwenye mkeka na kuniambia: "Mwanangu, wewe ndiye unayejua. Fanya kama angefanya yeye." Nimekaa naye miaka 19 na sijui angefanya nini. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Niwaeleze alikuwa mtu gani, ili mnijibu mkimjua.

Alizaliwa mwaka 1954 katika kambi ya wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa Wabelgiji. Baba yake alikuwa fundi wa mabomba. Vyuo vikuu vilipounganishwa mwaka 1971, sheria ilikuwa inasomwa Kinshasa, kwa hiyo alipanda treni mpaka Ilebo, kisha meli ya mto mpaka Kinshasa, na sanduku moja la mbao. Sanduku lile liko kabine mpaka sasa, ndilo tunaloweka karatasi nyeupe. Alikula kiapo mwaka 1980, mwaka uliofuata ile sheria ya Septemba 1979 inayoongoza mawakili hadi leo.

Hakuwa wakili wa kupaza sauti mahakamani. Kazi yake ilikuwa kuzaa makampuni, yeye mwenyewe alisema hivyo: "Mimi ni mkunga." Watu wawili wakija wamefurahi, wamevaa vizuri, wanataka kufungua kampuni, aliwakalisha, akawaletea munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, kama ni Jumamosi, kisha akawauliza kabla hajaandika neno: "Mmoja wenu akifa leo usiku, mjane wake mtamwambia nini kesho asubuhi?" Wengine walikasirika. Mmoja aliondoka akisema Metre anamroga. Lakini statuti haikuandikwa mpaka jibu lipatikane: warithi wataingia kwenye kampuni au watalipwa thamani ya hisa, nani atazipima, na kwa muda gani. Nimezipiga statuti hizo kwa vidole vyangu. Kifungu cha kifo hakikukosekana hata mara moja.

Mimi nilifika kwake mwaka 2003. Papa yangu alikuwa mgodini, akaletewa karatasi ya kuondoka kwa hiari. Jirani akatuambia kuna wakili wa makampuni makubwa ambaye Jumamosi husomea watu karatasi bila malipo. Tulikuta foleni imeshuka ngazi mpaka barabarani. Metre alimsomea Papa ukurasa mzima, kwanza Kifaransa, kisha Kiswahili cha hapa kwetu, neno kwa neno, kidole juu ya mstari. Halafu akasema: "Papa, hii inasema ukipokea hizi franga, hautarudi kudai tena. Sikuambii usitie sahihi, nyumbani kwako unakujua wewe. Nataka tu ujue unatia sahihi juu ya nini." Papa alitia sahihi. Tulipokuwa tunatoka, Metre akaniuliza kama najua kupiga mashine. Nikasema ndiyo, wakati nilijua nusu. Mwaka uliofuata nikaanza kazi.

Kifo chake kilikuja polepole. Kisukari cha miaka mingi, kisha figo. Kabine iko ghorofa ya kwanza, ngazi 22. Mwaka huu alianza kupumzika kwenye ngazi ya tisa, akijifanya anasoma ujumbe kwenye simu. Walimpeleka Zambia mara mbili. Alirudi amekonda, shingo inazunguka ndani ya kola, na bado saa mbili kasoro robo yuko mezani. Tangu Pasaka alinituma mjini karibu kila siku na bahasha: peleka hii Kampemba, peleka hii Bel-Air, mwenyewe atie sahihi kwenye rejista nyeusi. Nilidhani anapunguza makaratasi kwa ajili ya mchwa.

Alhamisi ya mwisho aliniambia, "Kesho usifungue madirisha, kutanyesha." Ijumaa hakuja. Jumanne wakanipigia simu saa kumi na moja alfajiri.

Siku ya mazishi mawakili walisimama mistari miwili wamevaa majoho meusi, mvua ikiwanyeshea, hakuna aliyefungua mwavuli. Joho lake liliwekwa juu ya jeneza. Nilikuwa nimelipiga pasi mimi.

Basi naomba mnisaidie. Dosie nimpe nani? Na je, kwa kuzikatalia nafanya kosa?

---

AvokaWaIbanda (Bukavu)

Dada, pole sana kwa msiba. Mimi ni wakili hapa Bukavu, mwaka wa 16 kazini. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu jambo hili lina haraka kuliko unavyodhani.

Usimpe mtu yeyote kati ya hao watatu. Kesho asubuhi nenda kwa Batonie, mkuu wa mawakili wa hapo kwenu. Wakili aliyekuwa peke yake akifariki, Batonie ndiye anayeteua mwenzake wa kuishika kabine, kuarifu wateja na kuangalia kesi zilizo njiani. Nenda na barua fupi: tarehe ya kifo, idadi ya makabati, nani ana funguo. Baki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

Kabla ya hapo, usiku huu huu, fungua ajenda ya Metre. Usitazame dosie, tazama tarehe. Rufaa ya hukumu ya biashara ni siku 30 tangu mtu aarifiwe, na kifo cha wakili hakisimamishi saa. Kama kuna hukumu iliyoarifiwa mwishoni mwa Oktoba, siku zako zinahesabika.

Kuhusu mwenye haki. Karatasi za mteja ni za mteja, haziingii kwenye urithi. Wakili alifanya kazi kwa kutumwa, na kutumwa huko hukoma anayetumwa akifa. Amri ya 30 Julai 1888 juu ya mikataba inawataka warithi wake wamwarifu aliyemtuma, na wakati wanangoja wafanye lile lisiloweza kusubiri. Kuarifu si kusoma. Kinachoingia kwenye urithi ni malipo ambayo wateja walikuwa bado wanadaiwa, meza, makabati, kompyuta. Hapo ndugu ana neno la kusema, tena dogo: kwa Kanuni ya Familia watoto wanapata robo tatu, na robo iliyobaki inagawanywa sawa kati ya mafungu ya mjane, wazazi na ndugu. Nyumba waliyokaa, Mama anabaki na haki ya kuitumia. Mwambie hivyo kwa upole, kilio hakijaisha.

Yule wa malori: dosie ya kampuni ni ya kampuni, si ya mshirika mmoja. Barua alizoandika mwenzake kwa Metre hazitoki mpaka mwenzake akubali. Na wewe mwenyewe, dada, siri imekufunga kama ilivyomfunga yeye. Kifungu cha 73 cha Kanuni ya Adhabu kinamhusu kila mtu anayepata siri kwa sababu ya kazi yake, na sekretere yumo. Kwa hiyo hufanyi kosa kukataa. Kosa lingekuwa kufungua.

Mwisho, umetaja rejista nyeusi ukapita haraka. Rudi uihesabu. Mtu hatumi bahasha kila siku tangu Pasaka kwa ajili ya mchwa.

---

StajieriWaZamani (Kolwezi)

Nimekutambua kwa ile pasi, na nimemtambua yeye kwa munkoyo. Nililia kazini, wenzangu wakadhani nimepata habari ya nyumbani. Kweli ilikuwa ya nyumbani.

Nilifanya staji yangu, mazoezi ya uwakili, hapo, miaka miwili, wakati nchi ilikuwa imeingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, Septemba 2012. Wanaokumbuka wanajua ilikuwaje: tangu 1887 makampuni yetu yaliishi kwa amri ya mfalme Leopold, halafu kwa siku moja sheria nyingine. Makampuni ya zamani yalipewa miaka miwili, hadi tarehe 12 Septemba 2014, kurekebisha statuti zao. Metre alikuwa na umri wa miaka 58. Alikuwa anaijua ile sheria ya zamani kama Baba Yetu. Angeweza kutuachia sisi vijana. Badala yake alikaa mstari wa mbele kwenye mafunzo, kati ya watoto wa miaka 25, na daftari la shule la kurasa 96. Jioni alinisomesha vifungu kwa sauti, akifumba macho. Nikikosea neno moja, "anaweza" badala ya "anapaswa", alifumbua jicho moja. Jicho moja tu.

Niwaambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku moja, nikinywa na rafiki zangu, nilitaja kwamba wateja fulani wanataka kuuza hisa zao. Sikutaja jina, lakini mji ule ni mdogo, wakajua. Neno likarudi kabine baada ya siku tatu. Nilingoja kufukuzwa. Metre alivaa koti lake, akasema, "Twende." Tulitembea kwa miguu kutoka Posta mpaka Kamalondo, jua la Oktoba, yeye haongei. Tulipofika kwa mteja akasema: "Kijana wangu ana neno." Akatoka, akakaa nje kwenye kiti cha plastiki. Nikasema mwenyewe yote. Mteja alinyamaza muda mrefu, kisha akaniambia nimwite Metre aingie anywe maji. Kurudi alisema kitu kimoja: "Umeona anavyoshika kikombe? Mkono unatetemeka. Neno lako ndilo limeutetemesha." Hakulitaja tena hata siku ya kuniaga.

Mwenzangu wa Bukavu amesema yote ya sheria. Mimi naongeza: yule wakili kijana asiguse hata kitasa.

---

MtuWaRuashi

Mimi sikubaliani nanyi. Mdogo wa marehemu ana haki. Wakati huyo Metre anasoma Kinshasa, nani alimtumia unga? Miaka ya tisini Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, ilipoanguka, kutoka tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka mpaka chini ya 50,000 mwaka 1993, nani alikuwa na franga ya kumlipa wakili? Familia ndiyo ilibeba. Leo amekufa, mnasema ndugu apate meza na viti. Karatasi hizo ndizo zina thamani. Wateja wataenda mahali karatasi ziko.

---

AvokaWaIbanda

Kaka, umesema kweli juu ya unga, na hilo lisisahauliwe wakati wa kugawa kile kilicho chake. Lakini fikiri: cheti cha kiwanja chako kingekuwa kwenye kabati lile, ungekubali mdogo wa marehemu akiuze pamoja na kabati?

---

MtuWaRuashi

Hapana. Nisingekubali.

---

MamaWaBirere (Goma)

Dada, mimi si mtu wa sheria, nauza vitenge. Lakini niliyoyaona nitasema. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipomwaga moto wake, katikati ya mji wetu ilifunikwa. Wakili wa bwana wangu alikuwa na ofisi huko chini. Karatasi za duka letu, za kiwanja, zote zilikuwa kwake, maana bwana wangu alisema kwa wakili ndiyo salama. Ziliungua. Wakili alipona, mtu mwema, akalia pamoja nasi. Miaka mingi tumetembea ofisi kwa ofisi kuthibitisha kwamba jiwe lile jeusi chini yake kuna duka letu.

Kwa hiyo huyo Metre wako aliyekuwa akirudisha karatasi kwa mkono, mtu na bahasha yake, mimi nimemwelewa bila kumwona. Fanya kama yule baba wa Bukavu alivyosema. Na hizo zilizobaki zitafutie wenyewe.

---

MwenyeFunguo (Lubumbashi), 9 Desemba 2023

Metre wa Ibanda, nakushukuru sana. Usiku ule nilifungua ajenda. Kulikuwa na hukumu moja iliyoarifiwa tarehe 30 Oktoba, ameizungushia kalamu nyekundu. Asubuhi nikawa mlangoni kwa Batonie kabla hawajafungua. Alinisikiliza amesimama. Siku hiyohiyo akamteua wakili, mama mmoja mtu mzima ambaye wakati fulani alikuwa akibishana na Metre wetu kwenye ubia mmoja wa kobalti mwaka mzima. Rufaa iliwekwa tarehe 28. Ilibaki siku moja.

Mdogo wa marehemu nilimweleza jioni, Mama akiwapo. Alikasirika kwanza. Kisha Mama akamwambia, "Shemeji, ndugu yako aliweka siri zako pia." Sijui ni siri gani. Alinyamaza, akaomba maji, na tangu hapo hajaniuliza funguo.

Sasa rejista. Niliihesabu mara tatu, kwa sababu mara ya kwanza sikuamini. Ukurasa wa kwanza una tarehe 11 Aprili, juma la Pasaka. Hati halisi zilizokuwa kabine ni 212. Zilizorudishwa, na sahihi ya mwenyewe mbele ya kila moja, ni 197. Zote hizo nilizipeleka mimi, kwa miguu na kwa teksi, nikinung'unika juu ya viatu. Alipanga wazee kwanza, wajane baada yao, makampuni makubwa mwisho. Nikamuuliza Mama ni lini daktari aliwaambia kuhusu figo. Akasema Jumatano kabla ya Ijumaa Kuu.

Zimebaki 15. Mbele ya kila moja ameandika kwa mkono wake ni kwa nini. "Amehamia Likasi, muulize paroko." "Washirika wana kesi, asipewe hata mmoja." Hiyo ni ya yule wa malori. Ya mwisho ni bahasha ya zamani sana, Metre aliirithi kwa wakili aliyemfundisha. Ni ya mfanyabiashara Mgiriki ambaye duka lake lilichukuliwa baada ya hotuba ya Mobutu ya tarehe 30 Novemba 1973, ile ya kuwanyang'anya wageni biashara zao. Mbele yake imeandikwa: "Alikwenda Athens. Watoto wake wakija, wasiambiwe kwamba hakuna kitu." Wino wa mstari huo ni mweusi kabisa, si wa zamani. Miaka 50, na bado alikuwa anawangoja.

StajieriWaZamani, nimekujua. Ulikuwa unaacha kikombe dirishani.

Makabidhiano yalikuwa jana. Yule wakili mama alikuja na msaidizi, tukaandika kila dosie, saa tano nzima. Alipofika kwenye bahasha ya Mgiriki alisoma ule mstari, akavua miwani, akaifuta na ukingo wa kitenge, akaendelea kuhesabu. Mwisho tulitia sahihi nakala tatu. Nilimpa funguo. Akajaribu kabati la tatu, likakataa. Nikamwonyesha: lazima uinue mlango kidogo kwa goti, ndipo ufunguo unazunguka.